Benchi la Namba Kumi na Saba

Kama umekaa kwenye benchi la lopitali, mikono yako ni baridi na wenzako wote wanajipepea, basi sogea, nina maneno na wewe. Damu inatengenezwa wapi mwilini sitakueleza. Watu watatu walinieleza, na kila mmoja alionyesha mahali pengine. Ninachokijua mimi ni kusubiri, na namna asubuhi yenye woga inavyorefuka kabla jina lako halijaitwa.

Naitwa Zubeda. Nilizaliwa Kasongo, katika nyumba za Waislamu wa mjini, nikaolewa Kabambare na fundi cherehani aitwaye Ramazani. Biashara yangu ilikuwa chumvi na samaki wakavu wa Lualaba, niliowatembeza mpaka Wamaza, na aliyewahi kununua kwangu atakuambia kwamba mimi huhesabu mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mnunuzi, mara ya pili akishageuka. Zilikuwa enzi za Bulamatari, Wabelgiji wakilimisha kila familia pamba na mupunga kwa amri, kwa hiyo nami nilikuwa na shamba langu la mupunga bondeni, tope mpaka kwenye magoti, na hakuna aliyeingia humo na viatu.

Ugonjwa ulianza kama kilima. Kutoka bondeni hadi nyumbani kwetu kuna mwinuko ambao nilikuwa naupanda na kapu kichwani huku nikigombana na mtu. Wakati mupunga unachanua niliona siwezi tena kupanda na kugombana kwa pamoja, ilibidi nichague. Baadaye niliacha kabisa kugombana. Nikawa nasimama katikati, nashika mti, najifanya naangalia mashamba ya watu. Moyo ulikuwa umehamia masikioni. Nikilala niliusikia kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani.

Kisha nikaanza kula udongo. Ule mweupe, unaofinyangwa kama yai na kuuzwa sokoni, ambao wanawake wenye mimba huutafuna. Mimi mwenyewe nilikuwa nauuza, kando ya chumvi. Nilianza kwa kuonja, nikamaliza wangu, nikaanza kununua kwa wenzangu tena kwa bei waliyoitaja wao. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba naumwa.

Bi Mwamini, mama wa mume wangu, ndiye aliyenikamata.

"Mukamwana, udongo uliokuwa mu kapu iko wapi?"

"Umeuzwa, mama."

"Umeuzwa, na midomo yako iko nyeupe?"

Akaniuliza habari ya mwezi. Nikamwambia sijaona damu tangu mupunga ulipotoa maua. Akakaa chini palepale mlangoni akamshukuru Mungu. Tulikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto, na Bi Mwamini alikuwa ameibeba ile miaka kuliko mimi. Uso wangu uliovimba akauita kunenepa. Miguu iliyovimba akaiita kazi ya mtoto. Nami niliyanunua maneno yake bila kuyatia kwenye mizani, kwa sababu nilikuwa nayataka.

Sasa, kwetu mimba changa haitangazwi. Na kitu chochote kinachotoka katika mwili wa mwenye mimba hakiachwi ovyo. Kucha, nywele, maji ya kuogea, na kile cha chooni, vyote hufichwa au hufukiwa, maana mtu mbaya akivipata ameshampata mama na mtoto wote wawili. Bi Mwamini alianza kuokota kucha zangu mwenyewe. Alinifuata nyuma kama karani wa kodi.

Siku ya kuanika mupunga nilianguka juu ya mikeka, mbele ya watu. Bahati yangu, wiki hiyo alikuwa amepita enfirmie, muuguzi anayezunguka vijiji kupima watu kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Akanifunua kope ya chini kwa kidole gumba.

"Mama, humu ndani inapaswa kuwa nyekundu," akasema. "Yako iko kama karatasi."

Akaniandikia ruhusa ya kusafiri, maana bila hiyo hukuvuka hata kizuizi kimoja, nikapakiwa juu ya magunia kwenye lori la mupunga linalokwenda Kasongo. Bi Mwamini alipanda pamoja nami. Mgonjwa kwetu hapelekwi peke yake. Lazima awe na mlinzi wa kumpikia na kumlalia pembeni. Aliniambia kwa sauti ya chini, lori likiruka kwenye mashimo: "Huko lopitali, ya mutoto hatusemi. Wewe umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Lopitali ya Kasongo nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiwa na mzigo, sikuwahi kuiangalia. Ilikuwa na baraza refu, na kwenye baraza benchi nyingi. Juu ya kila benchi, ukutani, wamepaka namba kwa rangi nyeusi. Mimi nikifika soko geni huwa siulizi. Nakaa, naangalia nani anauza nini. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshaelewa. Daktari Mubelgiji, tuliyemwita munganga, alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, kila ugonjwa una namba yake. Mgonjwa akishatazamwa, namba ya ugonjwa wake inaandikwa kwenye fishi yake, karatasi ya manjano, katika kijumba kimoja cha mistari juu. Kijumba kimoja, namba moja. Mwisho wa mwezi namba zinahesabiwa zinapelekwa kwa wakubwa, na dawa zinatoka kwa kadiri ya namba. Wa namba tisa, watu wa minyoo, walikuwa wengi, wanachekacheka, wanatoka na vidonge. Wa namba kumi na saba walikuwa wachache. Sikumwona hata mmoja akitoka na kitu mkononi.

Enfirmie aliyekuwa na chumba cha mikroskopi aliitwa Anselmi, Mkristo wa hapohapo Kasongo, kijana mwembamba mwenye sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alinitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipande cha karatasi, kisha akafungua kitabu kidogo chenye mistari ya rangi nyekundu, kuanzia ile ya nguo iliyofuliwa mara mia mpaka ile ya kitenge kipya. Akalinganisha. Mimi nimeuza nguo. Rangi haziwezi kunidanganya.

"Huo," nikasema, nikionyesha mstari wa nne.

"Hapana, mama. Ni wa pili kutoka chini."

"Tuseme wa tatu."

"Mama, hatununui hapa."

Ulikuwa wa pili. Nilitazama mara mbili, nikatamani macho yangu yawe mabovu.

Tone lingine akaliweka katikati ya vioo viwili, akavifunga pembeni kwa mafuta hewa isiingie. Hiyo, alisema, hairudishi jibu leo. Inalala, kesho tunaangalia kama damu imebadilika umbo. Halafu akanipa jani la mgomba. "Na hii unilete choo chako. Kidogo tu."

Nilijikongoja mpaka chooni. Nilipotoka nimeshika kifurushi changu, Bi Mwamini alikuwa amesimama mlangoni.

"Lete, mwanangu. Weye huwezi kusimama. Nitapeleka miye."

Nikaona ni huruma. Nikampa, nikaenda kukaa.

Siku hiyo na usiku wake sitaki kuvirefusha. Niliwaza kile kioo kimelala humo ndani na damu yangu, kinaamua. Karibu nami alikaa mwanamke wa Wamaza, Mama Veronika, na binti yake mdogo wa miaka mitatu hivi, ambaye vidole vya mikono vilikuwa vimevimba kama ndizi ndogo. Mtoto hakulia sana. Alikuwa na ile namna ya kunyamaza ya mtu aliyezoea maumivu, nami sijaona kitu kibaya zaidi kwa mtoto.

"Yeye anangoja namba gani?" nikamuuliza.

"Tulishapewa. Kumi na saba. Hii ni mara ya tatu tunarudi."

"Na dawa?"

"Wananipa maneno mazuri," akasema Mama Veronika. "Anselmi ana maneno mazuri sana."

Asubuhi niliitwa. Munganga alikuwa amepita mapema, ametazama, ameandika, na amekwenda zake kuzunguka vijiji. Anselmi alikuwa na fishi yangu mkononi na hakuniangalia.

"Choo chako iko safi, mama. Hakuna minyoo. Lakini damu yako tumeiona chini ya kioo. Nyingine iko mviringo, nyingine imejipinda kama mundu wa kukatia mupunga. Ni damu ya kuzaliwa nayo. Munganga ameandika kumi na saba."

"Na dawa ya kumi na saba?"

"Unapumzika. Unakunywa maji mengi. Hubebi mzigo."

"Mpaka lini?"

Akaangalia peni yake.

Nimewahi kuambiwa mara nyingi maishani kwamba kitu hakipo, na mara nyingi kilikuwepo nyuma ya pazia. Lakini sura ya Anselmi haikuwa sura ya mtu anayeficha bidhaa. Nilitoka pale nikakaa chini ya ile namba ukutani, kando ya Mama Veronika, ambaye alisogea kunipa nafasi bila kuuliza. Nilikuwa nimekwisha kufika pale pa kuhesabu pumzi. Kutoka benchi mpaka jikoni kwa wagonjwa nilipumzika njiani. Mtu hahitaji kuambiwa na munganga kwamba hali kama hiyo haimfikishi kwenye mvua zinazofuata.

Habari ilifika Kabambare kwa dereva wa lori, kama habari zote. Baada ya siku mbili Ramazani alikuja kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, anakunjakunja kofia yake.

"Baba Sefu anasema..." akaanza. Baba Sefu ni mdogo wa marehemu baba yake, ndiye aliyenitolea mahari.

"Sema tu."

"Anasema kama damu iko mbovu tangu kuzaliwa, basi kwenu walijua. Anasema mutu hauzi mbuzi mwenye kilema bila kusema."

Kwa upande wa biashara, hoja ya Baba Sefu haikuwa na tundu. Mimi mwenyewe ningeisema hivyohivyo, kama mbuzi asingekuwa mimi.

"Na weye unasema nini?"

Ramazani akaikunjua kofia yake, akaikunja tena. Ni mtu wa kupima mara nyingi kabla ya kukata.

"Miye nimekuja," akasema.

Nililishika lile neno mpaka jioni, nikaligeuza huku na huku, nikaona halina kasoro.

Kesho yake nikamfuata Anselmi mlangoni pa chumba chake. Kumfuata ni neno kubwa. Nilibebwa na ukuta. Bi Mwamini alikuja nyuma yangu na tasbihi yake, na benchi lote lilikuwa linasikiliza, maana benchi la wagonjwa halina kazi nyingine.

"Anselmi, mwanangu," nikasema, "tuzungumze kama watu wazima. Damu hii ninayo tangu kuzaliwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mbona nilipokuwa msichana nilikuwa natoka hapa na gunia la chumvi kichwani mpaka Kabambare kwa miguu, na nikifika nacheza ngoma? Damu ilikuwa imelala? Ilikuwa inangoja niolewe?"

Watu wakacheka. Anselmi hakucheka. Alivuta kiti, akanikalisha.

"Hilo munganga aliliuliza pia," akasema. "Kuna watu wenye damu ya kupinda kidogo tu, nusu kwa nusu, na hawaumwi kitu. Alidhani weye ni wa namna hiyo, na kwamba kinachokunywea damu ni minyoo ya topeni. Wale wanaingia kwa nyayo. Ndiyo maana alitaka choo. Lakini choo chako iko safi, mama. Niliangalia miye mwenyewe. Hakuna yai hata moja."

"Mimi? Ninayeshinda topeni mvua nzima?"

"Hata moja."

Nyuma yangu, sauti ya tasbihi ikasimama.

"Nani amesema hicho ni choo chake?" akauliza Bi Mwamini.

Anselmi akageuka polepole. "Bibi, ni wewe uliyeniletea jani."

"Jani nilileta."

"Na ndani ya jani?"

"Ndani ya jani ni cha kwangu."

Mtu mmoja wa namba tisa akajipiga paja kwa kicheko, na baraza zima likalipuka. Hata binti ya Mama Veronika alicheka kwa kuwaona wengine wanacheka. Anselmi alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mnacheka nini?" Bi Mwamini akawageukia. "Nyie hamna akina mama? Ningetoa cha mutu mwenye mimba, nikipeleke mu chumba cha watu sijui, kilale humo usiku mzima? Damu waliichukua mbele yangu, sikuweza kuzuia. Hii niliweza! Ile yake niliifukia vizuri nyuma ya migomba. Yangu waichukue, miye ni mzee, warogi watafanya nini na miye?"

"Mimba?" Anselmi akauliza. "Mimba gani?"

Bi Mwamini akagundua amesema. Akaziba mdomo kwa kitenge, akanitazama, na katika macho yale nilimwona mtu aliyetaka kunilinda kwa mikono miwili akanisukuma kisimani. Alikuwa mwanamke wa nyumbani, mwenye makubadhi na udhu, asiyekanyaga tope tangu ujane wake. Choo chake kilikuwa safi, naam. Kilikuwa karibu kiniue.

Nikampa Anselmi jani jipya, la kwangu, mkono kwa mkono. Alikaa kwenye mikroskopi muda mrefu. Nilimwona mgongo tu.

"Mayai yamo?" nikauliza.

"Yamo. Ni mengi, mama. Niliacha kuhesabu."

"Usiache. Hesabu tena, usije ukaniambia umekosea."

Akahesabu tena. Yalikuwa mengi zaidi.

Unadhani hapo mambo yaliisha. Mimi pia nilidhani. Lakini namba iliyoandikwa na munganga haifutwi na enfirmie, na dawa za namba tisa hazitolewi kwa mtu wa kumi na saba. Masera, mtawa aliyeshika ufunguo wa kabati, alihesabu vidonge kwa kufuata fishi. Alinihurumia, akanipa maziwa, lakini vidonge hakunipa. Munganga alikuwa vijijini, na hakuna aliyejua atarudi lini. Wengine walisema kesho. Wengine walisema gari lake limekwama.

Ule ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Sasa nilijua dawa ipo, iko nyuma ya mlango wa kabati, ninaweza hata kuinusa. Miguu ilivimba mpaka kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Kucha zangu zilikuwa zimebonyea katikati kama vijiko. Nikikaa, nahema, nikilala, nazama. Kila gari lililonguruma barabarani nilinyanyua kichwa, na yalikuwa malori ya pamba. Bi Mwamini aliacha kula. Alikaa miguuni pangu anakanda nyayo zangu zilizovimba, zile nyayo minyoo ilikopitia. Siku moja alisema, "Ningejua, kile choo chako ningekipeleka kichwani, na ngoma mbele." Sikuwa na pumzi ya kucheka, lakini niliikopa.

Munganga alirudi siku ya soko. Alikuwa mtu mrefu, amechoka, shati limekauka kwa jasho. Anselmi alimsimulia kwa Kifaransa, akinionyesha mimi, akionyesha jani, akimwonyesha Bi Mwamini. Munganga akatazama kioo mwenyewe. Akatoka.

"Nani nalileta ile ya kwanza?" akauliza kwa Kiswahili chake.

Bi Mwamini akasimama. Alikaza kitenge kiunoni, maana siku zile Mzungu akiuliza nani, mara nyingi kulikuwa na kiboko mwisho wa sentensi.

"Ni miye, bwana munganga. Mimi peke yangu, yeye hakujua. Munipige miye, yeye mumupe dawa."

Munganga alimtazama. Akasema kitu kwa Kifaransa, na Anselmi akatutafsiria: "Anasema bibi iko na tumbo zuri sana, azidi kulitunza."

Kisha akachukua fishi yangu. Akapiga mstari juu ya kumi na saba, akaandika tisa. Nilikuwa nimeanza kushukuru, lakini macho yangu yana tabia yao. Yakatazama mara ya pili. Pembeni, nje ya kile kijumba, aliandika tena kumi na saba, kwa maandishi madogo.

"Bwana," nikasema, "umeiondoa, tena unairudisha? Iache iende. Watu wa mume wangu wanaisubiri hiyo."

Anselmi alitaka kunikanya, lakini munganga alielewa.

"Zote mbili ni kweli," akasema. "Tisa inakuua. Kumi na saba iko kwako kidogo, haikuui. Lakini kesho ukizaa, mutu mwingine atasoma, atajua kuangalia mutoto."

Nilibishana kwa macho. Hakupunguza. Yeye ndiye mtu pekee Kasongo nzima ambaye sikumpunguza hata kidogo.

Nikahamia benchi la tisa. Ni hatua chache. Mama Veronika alinishika mkono akasema, "Nenda, dada, nenda," na akampakata mwanawe. Nimehama nyumba, nimehama mji, lakini hakuna kuhama kulikonikata kama kule. Nilikuwa naenda kupona kwa sababu ya kuwa mgonjwa wa kitu kingine. Yeye alibaki chini ya namba yake.

Kwa hiyo kama wewe unayesoma umepewa ile namba, au mtoto wako, usinione nimekuruka. Nilipita Wamaza na chumvi yangu mwaka uliofuata, nikamkuta yule binti anakimbiza kuku. Mama yake alikuwa amejifunza: asubuhi za baridi humfunika vizuri, humnywesha maji kila saa, homa ikianza hangoji kesho. Haikuwa kupona. Ilikuwa kuishi, siku kwa siku, na yule mtoto alikuwa anaishi kwa kelele nyingi.

Dawa yangu ilikuja kwa zamu. Kwanza vidonge vya chuma, siku nyingi, ili mwili upate nguvu ya kuvumilia ya pili. Mdomo ulikuwa na ladha ya misumari. Choo kikawa cheusi kama masizi na Bi Mwamini, ambaye sasa alijiona mtaalamu wa mambo hayo, alikimbia nacho kwa Anselmi kabla sijamaliza kusimama. Masera naye alinipapasa tumbo, akanipima, akatikisa kichwa taratibu. Hakukuwa na mtoto. Hakujawahi kuwa naye. Mwili ulifunga duka tu, kwa kukosa bidhaa. Bi Mwamini alisikia, akakunja mkeka wake, akatoka nje akakaa juani na mgongo wake umetugeukia. Baada ya muda alirudi na uji. "Kunywa," akasema, "haujachacha."

Damu yangu ilipopanda mistari miwili kwenye kitabu cha rangi wakanipa dawa ya minyoo, bila kula, halafu chumvi ya kuharisha. Siku hiyo sitaisimulia, kuna watu wanasoma wakiwa mezani. Baadaye ikarudiwa. Na katikati ya mambo hayo nilipata zawadi ndogondogo ambazo hakuna aliyeniambia nizingoje. Asubuhi moja niliona udongo mweupe kwa mchuuzi mbele ya lango, nikaupita. Nilikuwa nimeshaupita ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa naupenda. Siku nyingine nilimshika Ramazani mkono, akashtuka: "Wako iko moto!"

Yeye naye alitobolewa kidole, kwa kutaka mwenyewe. Anselmi alikuwa amemweleza kwamba mtoto anaumwa kama yule wa Mama Veronika pale ambapo baba na mama wote wana damu ya kupinda. Kioo chake kililala, nasi hatukulala. Kesho yake damu yake ilikuwa mviringo yote. Ramazani alikwenda na habari hiyo kwa Baba Sefu, akamwambia pia kwamba kama familia inataka kukagua mbuzi, ianze zizini kwake. Sikuwepo. Najuta sana kutokuwepo.

Tulirudi Kabambare mvua za kwanza zikianza. Ramazani alinishonea viatu vya turubai na nyayo za tairi, vibaya kama nini, na nikaviingiza topeni mbele ya watu waliocheka. Kilima nilikipanda kwa vituo, halafu kwa kituo kimoja.

Kisha, asubuhi moja, mupunga mpya ukiwa umefika kwenye kifundo cha mguu, damu ya mwezi ilirudi.

Nilikaa nyuma ya nyumba nikaitazama. Nyekundu kabisa, ya kitenge kipya. Nilikuwa nimeshaijua miaka yote kama habari ya kushindwa, na siku ile nilicheka peke yangu kama mwehu. Bi Mwamini alisikia akaja. Akaona. Akasimama na ufagio mkononi, na niliona uso wake ukienda pale ulipokwenda kila mwezi kwa miaka mitano, halafu ukarudi katikati ya njia.

"Imerudi?"

"Imerudi, mama."

Akalia kidogo, akajifuta kwa kitenge. Sijui alimlilia nani, yule ambaye hakuwepo au mimi niliyekuwepo.

"Basi iko damu humo," akasema.

"Iko."

Akaegemeza ufagio ukutani. Kisha akaniuliza nataka kula nini. Siku kama ile, tangu niingie nyumba ile, alikuwa hajawahi kuniuliza chochote.

"Kuku," nikasema.

"Kuku! Leo ni sikukuu gani? Kuna sombe, majani ya muhogo tele."

"Kuku mzima."

"Nusu, na nusu ya kesho."

Nikavuta pumzi. Ilikuwepo, nyingi, yote ya kwangu. Nikaanza kubishana.